Ndimi Zisizoguswa

Kwenye baadhi ya ilimba kubwa za Wagogo kuna ndimi za chuma ambazo mpigaji hazigusi tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Zimesimama katikati ya ubao, upande mmoja zikipakana na ndimi za kidole gumba cha kulia, upande wa pili na za kile cha kushoto. Fundi amezifua kama alivyozifua nyingine, akazibana na kuzipatanisha sauti kwa uangalifu uleule. Kisha anaziacha. Kazi ya ndimi hizo ni kuitikia: jirani akidonolewa, nazo hutetemeka zenyewe, na mlio wake hubaki hewani wakati ule wa kwanza umeshaanza kufifia.

Mtu anayetaka kuelewa mwitikio wa mawimbi, jambo ambalo wanafunzi wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani tu, afadhali aanzie hapa. Ilimba, ambayo wengine huiita marimba ya Kigogo, ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma juu yake na matundu ubavuni au usoni. Hakina siri iliyofichwa. Kila sehemu inaonekana kwa macho, na kila sehemu ipo kwa sababu ambayo fizikia inaweza kuieleza, ingawa fundi aliijua kwa sikio kabla ya fizikia kuulizwa.

Tuanze na kidole gumba. Kinakandamiza ncha ya ulimi kwa milimita moja au mbili, kinaiachia. Nishati yote itakayosikika katika mlio huo imetoka kwenye tendo hilo dogo. Hakuna mivukuto kama ya kinanda wala umeme kama wa gitaa la jukwaani. Mbao haiongezi kitu, hewa haiongezi kitu, utando wa buibui (tutaufikia) hauongezi kitu. Kwa hiyo ufundi wote wa ilimba, ninavyouona mimi, ni ufundi wa kugawa: kichache kilichotolewa na kidole kiende wapi, kwa haraka gani, na kiwafikie wasikilizaji kikiwa katika hali gani. Ukilishika swali hilo, kila kitu kwenye chombo hiki kinaanza kueleweka.

Ulimi wenyewe ni kipande cha chuma kilichofuliwa kikawa bapa. Mafundi wametumia misumari, mbavu za miamvuli, spoku za baiskeli, chochote chenye ugumu wa kutosha wa kurudi mahali pake kikipindwa. Upande mmoja umebanwa chini ya upapi wa chuma unaoukandamiza dhidi ya daraja. Upande wa pili uko huru. Ukipindwa, chuma kinataka kurudi kilipokuwa. Kinarudi kwa kasi, kinapitiliza, kinavutwa tena, na safari hiyo ya kwenda na kurudi ikifanyika mara 200 katika sekunde moja tunasema ulimi unatetemeka kwa hezi 200. Jambo la ajabu ni kwamba idadi hiyo haitegemei sana nguvu ya kidole. Ukidonoa kwa nguvu, ulimi unakwenda mbali zaidi lakini kwa mwendo mkali zaidi, na muda wa safari unabaki uleule. Ndiyo maana mpigaji anaweza kupaza au kupunguza bila kuharibu wimbo.

Kinachoamua idadi hiyo ni umbo la chuma. Unene ukiongezwa maradufu, mitetemo inakuwa maradufu. Urefu ukipunguzwa nusu, mitetemo inakuwa mara nne. Upana haubadilishi kitu: ulimi mpana una ugumu mwingi na uzito mwingi kwa kiasi kilekile, na viwili hivyo vinafutana. Fundi anayepanua ncha ya ulimi anakitengenezea kidole mahali pa kutua. Hiyo ni hesabu nyingine. Ila akikwaruza chuma kwa tupa, mahali anapokwaruza pana maana kubwa. Akipunguza karibu na daraja, amelegeza kiungo kinachopinda, na sauti inashuka. Akipunguza kwenye ncha, amepunguza mzigo, na sauti inapanda. Katika sehemu nyingi za Afrika mafundi wa marimba za vidole hubandika donge la nta chini ya ncha ili kushusha sauti bila kuugusa urefu. Tupa haina majuto, kwa kuwa chuma kilichoondolewa hakirudi, na nta ndiyo njia ya kusahihisha.

Njia kuu ya kupatanisha, hata hivyo, ni kuusukuma ulimi mbele au nyuma chini ya upapi, na hapa ndipo subira ya fundi inapopimwa. Chukua ulimi wenye urefu wa milimita 60 unaolia kwa hezi 200. Ukiurudisha ndani nusu milimita tu, unapanda hadi zaidi kidogo ya hezi 203. Masikio ya mtu asiyezoea yatasema ni sauti ileile. Lakini weka ulimi huo kando ya mwenzake uliobaki kwenye 200, uzidonoe zote mbili, na utasikia sauti ikivimba na kunywea mara tatu kwa kila sekunde. Mawimbi mawili yanaposafiri pamoja yakiwa na tofauti ndogo, kuna wakati yanasukuma hewa pamoja na kuna wakati moja linasukuma huku jingine likivuta. Idadi ya kuvimba huko ni tofauti ya mitetemo yao. Fundi hana haja ya kipimo: anagonga kisigino cha ulimi kwa kinyundo chepesi, anasikiliza, anagonga tena, na mapigo yale yanapopungua mwendo, yakawa mazito, kisha yakatoweka, amefika. Anafanya hivyo kwa ulimi baada ya ulimi, na ilimba kubwa huweza kuwa na ndimi zaidi ya thelathini.

Sasa ulimi umepatana, lakini haujasikika. Ushike hewani bila kisanduku, udonoe, na mtu aliye upande wa pili wa chumba hatajua kwamba umefanya kitu. Sababu yake ni nzuri kuijua. Sauti ni mgandamizo unaosafiri: chembe za hewa zinasongwa, zinasukuma za mbele yake, zinarudi mahali pake, kama neno linalopitishwa kwenye msururu wa watu ambapo neno linafika mwisho na hakuna mtu aliyehama. Katika hewa ya nyuzijoto 20 mgandamizo huo hukimbia takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 200 lina urefu wa karibu mita 1.7. Ulimi una upana wa milimita chache. Unaposhuka, unasonga hewa iliyo chini yake na kuacha nafasi juu yake, na hewa ile, badala ya kwenda kumfikia msikilizaji, inazunguka ukingo wa chuma na kujaza nafasi iliyoachwa. Nishati inabaki imezunguka pale pale.

Kazi ya kisanduku ni kuzuia upotevu huo. Ulimi unakanyaga daraja, daraja linautikisa ubao, na ubao una eneo kubwa mara nyingi kuliko chuma. Ubao unatembea kidogo sana, umbali ambao jicho halioni, lakini unasukuma hewa nyingi, na hewa iliyo nyuma yake imefungiwa ndani isiweze kuzunguka na kufuta kazi. Watu husema kisanduku kinakuza sauti. Usemi huo unatosha sokoni, lakini kwa maana ya nishati kisanduku hakikuzi chochote. Kinaharakisha matumizi. Ulimi uliobanwa kwenye jabali ungelia kwa muda mrefu na bila kusikika. Ulimi uliobanwa kwenye ubao mwembamba sana ungepiga ukelele mmoja na kunyamaza. Fundi anachagua mahali katikati ya hayo mawili. Anapochimba mbao na kuugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akichimba kidogo zaidi na kuugonga tena, anapanga ulimi utatoa akiba yake kwa mwendo gani. Ubao ukibaki mnene, ilimba inakuwa bubu. Ukipita kiasi, milio inakatika kabla ya kuungana, na ilimba isiyoungana milio si ilimba.

Ndani ya kisanduku kuna hewa, na hewa nayo ina sauti yake. Mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz, ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu sauti na usikivu kilitoka mwaka 1863, alitumia vyombo vya duara vyenye tundu dogo kuchambua sauti: kila chombo kiliitikia mtetemo mmoja na kuipuuza mingine. Maelezo yake ni mepesi. Hewa iliyo kwenye tundu ni kizibo chenye uzito, na hewa iliyofungiwa ndani ni springi. Kizibo kikisukumwa, springi inakirudisha, na kwa pamoja vina mtetemo wao wa asili. Tundu likiwa kubwa zaidi, sauti inapanda. Kisanduku kikiwa kikubwa zaidi, inashuka. Fundi wa ilimba anayetoboa tundu anachagua ni ndimi zipi zipate msaada wa hewa. Kwa kawaida zile ndefu za sauti ya chini ndizo zenye shida, maana ubao mdogo haupendi mitetemo ya polepole, na kisanduku kikubwa cha ilimba kimekuwa kikubwa kwa ajili yao.

Juu ya tundu, mafundi wa Kigogo huweka utando wa buibui: ule utando mweupe, mwembamba, ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake. Unabanduliwa taratibu na kubandikwa ukiwa umekaza kiasi. Ulimi ukilia, hewa inayoingia na kutoka tundu inaupiga utando, nao unatoa mvumo, mkwaruzo mtamu unaoandamana na kila mlio.

Msikilizaji aliyezoea piano anaweza kudhani ni kasoro. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote. Sikio la binadamu halisikii mitetemo yote kwa usawa: ni hafifu kwa sauti za chini, na ni kali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Ulimi wa hezi 200 unatumia nishati yake mahali ambapo sikio limesinzia. Utando ni mwepesi mno, na hauendi kwa utii kama ubao. Ukisukumwa unajikunja na kugota, na kwa kufanya hivyo unaichukua sehemu ya mtetemo wa polepole na kuigeuza kuwa mitetemo mingi ya haraka, ya mara mbili, mara tatu, mara kumi ya ule wa awali. Nishati haijaongezeka. Imehamishiwa mahali ambapo sikio liko macho. Kwa utando usio na uzito wa kutajika, ilimba inasikika kwenye mkusanyiko wa watu wanaoimba na kucheza. Mtu aliyegundua hilo kwanza hatumjui jina, na hilo linanisikitisha.

Turudi sasa kwenye ndimi za katikati. Mwaka 1638 Galileo Galilei alichapisha kitabu chake cha mwisho, na humo akaeleza jinsi mtu mmoja anavyoweza kuipiga kengele nzito sana ya kanisa kwa kuvuta kamba kwa nyakati zinazofaa, kengele ambayo ikishapata mwendo, watu wanne au hata sita wakiikamata kamba waisimamishe huinuliwa juu ya ardhi. Kila mvuto peke yake ni dhaifu. Lakini ukija wakati kengele yenyewe inataka kwenda upande huo, unaongezwa juu ya ule uliotangulia, na hakuna hata mmoja unaopotea. Ukija wakati usiofaa, unaondoa ulichoweka. Galileo alitumia hoja hiyohiyo kueleza kwa nini waya wa ala moja hutetemeka wenyewe mwingine wenye sauti sawa unapopigwa.

Ulimi usioguswa ndio kengele, na ubao ndio kamba. Jirani mwenye hezi 200 anautikisa ubao mara 200 kwa sekunde, na kila mtikiso unausogeza ulimi ulio kimya kwa kiasi kisichoweza hata kufikirika. Kama nao una hezi 200, misukumo inakuja kwa wakati wake, inajikusanya, na ndani ya sehemu ya sekunde ulimi unalia. Kama una hezi 203, hali ni tofauti kabisa: misukumo michache ya kwanza inasaidia, kisha inaanza kuchelewa, kisha inapinga, na ulimi unabaki karibu palepale. Kumbuka kwamba tofauti hiyo ni nusu milimita ya chuma. Ndimi zinazodonolewa zinaweza kusamehewa makosa madogo, maana kidole kitazilazimisha kulia vyovyote vile. Hizi za katikati hazina wa kuzilazimisha. Zikikosewa hata kidogo zinakuwa vyuma vilivyobanwa bure. Kwa hiyo fundi hutumia sikio lake kali kuliko kawaida kwa ndimi ambazo hadhira haitaziona zikipigwa.

Wahindi wanalijua jambo hili. Ala zao za sarangi na sitar zina nyaya nyembamba chini ya zile kuu, na kazi yake ni hiyohiyo. Wahandisi wa majengo wanalijua pia, ila wao wanalitumia kwa nia nyingine. Ndani ya jengo la Taipei 101 nchini Taiwan, kati ya ghorofa za juu, limening'inizwa tufe la chuma lenye uzito wa tani 660. Mwendo wake umepatanishwa na mwendo wa asili wa jengo, na upepo mkali ukilitikisa jengo, tufe huitikia na kuchukua sehemu ya nishati hiyo, kisha vidhibiti vya mafuta vinaitafuna ikawa joto. Mhandisi anaigawa nishati ili iishe. Fundi wa ilimba anaigawa ili idumu: ulimi wa kwanza unapotoa, wa pili unapokea, na baadaye huweza kurudisha kupitia ubao uleule, ndiyo maana mlio wa ilimba nzuri una hali ya kupumua.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalonifanya niamini kwamba ilimba na uimbaji wa Wagogo ni kitu kimoja. Ulimi wa chuma una upungufu. Mbali na mtetemo wake mkuu una mitetemo ya juu, lakini kwa chuma kilichobanwa upande mmoja ule wa pili ni zaidi ya mara sita ya wa kwanza, tena si mara sita kamili, na haupatani na ulimi wowote mwingine. Sauti ya binadamu haiko hivyo. Mtu akiimba kwa hezi 100, koo lake linatoa kwa wakati mmoja 200, 300, 400, 500 na kuendelea, kwa hesabu kamili. Watafiti wa muziki, akiwemo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba ngazi ya sauti za Wagogo imejengwa juu ya mfululizo huo wa asili, ikiwa pamoja na sauti tanzu ya saba (ile ya 700 katika mfano huu), ambayo piano haina: iko chini ya ile iliyo karibu nayo kwenye piano kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni. Kwa hiyo fikiria ndimi zimepatanishwa kwa 400, 500, 600, 700, 800, 900. Mwimbaji aliyeipakata ilimba akiimba sauti moja ya chini, kila ulimi unakuta ndani ya koo lake kipande chenye idadi yake. Ilimba iliyopatanishwa kwa piano ingezikosa baadhi ya hizo.

Sikiliza rekodi za Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 inapatikana bado. Isikilize kwa spika nzuri, maana simu hukata sauti za chini, na sauti za chini ndizo zinazobeba zingine. Fuatilia mlio mmoja mpaka mwisho wake. Utasikia chuma, mbao, hewa na utando vikipokezana, na sauti ya mwimbaji ikiwa juu yake bila kuvifunika.

Shule zetu za sekondari hufundisha mwitikio kwa uma wa sauti na bomba lenye maji: uma wa hezi 512 ukishikwa juu ya bomba, sauti inavimba hewa ndani yake ikifikia urefu wa karibu sentimita 17, robo ya wimbi. Ni jaribio zuri, na sipendekezi liachwe. Lakini shule nyingi hazina hata huo uma, wakati Dodoma na Bagamoyo bado wapo watu wanaotengeneza ilimba kwa mikono yao. Mwalimu wa fizikia, mwite fundi mmoja darasani kwa saa mbili na umlipe kama mtaalamu anavyolipwa. Mwache aupatanishe ulimi mmoja mbele ya wanafunzi, kisha adonoe ulimi wa jirani na kuuzima papo hapo kwa kidole. Mlio utakaobaki ndio somo, na milinganyo ya ubaoni ifuate baada ya hapo.